Madini kwa Ndama wa Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Juni 1954. Tura.
Ndama analamba ukuta. Chokaa imekwisha, na yeye amekonda. Ni wa mama mkwe, Mama Nyamizi, aliyetukabidhi ndama huyu pamoja na ng'ombe aliyemzaa. Jumamosi anakuja kuwakagua. Asiporidhika, wote wawili wanahamia kwa jirani Mayala. Mayala! Mtu asiyeweza kusoma hata kopo! Mimi Kasimiri nimefika darasa la nne.

Jumanne, 8 Juni.
Bwana mifugo kasema ndama amepungukiwa madini. Kanipa kopo la unga, kijiko kimoja kwa siku kwenye pumba. Kimoja, kwa mnyama mwenye miguu minne! Nimetia vinne, kila mguu chake. Nikaongeza chumvi ya Uvinza, kutu ya misumari ya reli, na maji niliyolowekea bangili za shaba za marehemu bibi. Najivunia sana kichwa hiki.

Jumatano, 9 Juni.
Anahara. Shati langu la kanisani limekwisha. Mke wangu Tekla kasema tumbo lipumzishwe. Nikamweleza: uchafu unatoka, madini yanabaki. Akaingia ndani. Kopo silioni.

Alhamisi, 10 Juni.
Mayala kapita. Eti tumbo la ndama halijakomaa, nimwache akalambe udongo wa kichuguu chake. Nilicheka mpaka nikakohoa. Jioni ndama hayumo zizini! Tekla anasema kamba imekatika yenyewe. Ndama yuko kwa Mayala, ulimi kwenye kichuguu. Aibu gani hii!

Ijumaa, 11 Juni.
Anacheua! Kinyesi kimeshikana! Dawa yangu ilichelewa njiani tu.

Jumamosi, 12 Juni.
Mama Nyamizi kashuka kwenye treni. Mimi na yeye hatutazamani, ndiyo heshima ya ukwe, kwa hiyo nilijibanza nyuma ya ghala. Nilisikia yote. Alimsifu Tekla. Alimsifu Mayala. Alikisifu kichuguu! Ng'ombe wanabaki, Tekla awatunze. Mimi hakunitaja hata mara moja. Machozi yalinilenga. Kisha nikaelewa: jina la mkwe halitamkwi! Kumbe muda wote alikuwa ananisifu mimi.

Jumapili, 13 Juni.
Baada ya ibada nimelikuta kopo ndani ya debe la mtama. Limejaa pomoni, na unga umekuwa mwekundu, una harufu ya kichuguu. Madini yameiva! Tekla ananitazama, anauma midomo asicheke. Ng'ombe mkubwa naye ana miguu minne, tena mirefu. Nimeacha kijiko. Napima kwa kikombe.