Jiwe la Mizani na Koti la Mlinzi

Jumatatu, 2 Julai 1979. Qurus.
Baridi kali. Mwenyekiti wa kijiji katangaza: ghala linataka mlinzi, na mlinzi atapewa koti la jeshi. Refu, la sufu, vifungo vya shaba! Nimelitamani mpaka meno yakaacha kugongana. Mtihani Jumamosi: kunyanyua jiwe la mizani, lile la chuma la kilo ishirini lenye mshikio, toka chini hadi juu ya kichwa. Mkono mmoja, mara kumi. Jirani yangu Felisiani naye kajiandikisha. Ana mablanketi mawili huyo. Tamaa!

Jumanne, 3 Julai.
Mzee Josephati, askari mstaafu, anatufundisha. Panua miguu, nyoosha mgongo, usivute kwa mkono. Sukuma kwa kiuno, jiwe litapanda lenyewe. Nimemwambia mimi mzee wa kanisa, mambo ya kiuno niliyaacha ngomani. Kasema basi mgongo utanijibu. Felisiani anasukuma kiuno bila haya.

Jumatano, 4 Julai.
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimechonga jiwe la mti, nikalipaka masizi na mafuta. Pacha kabisa! Jepesi kama kibuyu kitupu.

Alhamisi, 5 Julai.
Watu wote mnadani. Nimeingia ghalani, nimebadilisha mawe. La kweli nimelificha kwenye gunia la maharage. Mke wangu Marsela kauliza mbona gunia limenenepa. Nimemjibu ni baraka.

Jumamosi, 7 Julai.
Wameita majina kwa alfabeti. Mimi ni Wilibrodi. Hilo sikulifikiria.
Felisiani kapanua miguu, kanyoosha mgongo, kasukuma kiuno kwa nguvu zake zote. Jiwe likaruka! Likapita juu ya bati la ghala, likapotelea korongoni. Kisha vigelegele. Mwenyekiti kasema mara kumi za nini tena, akamvika koti palepale. Nilitaka kupiga kelele kwamba ule ni mti. Nikakumbuka nani kauchonga. Nimeumia sana.

Jumapili, 8 Julai.
Baada ya misa kijiji kizima korongoni, kinatafuta jiwe. Bila jiwe maharage hayapimwi. Nikaona nilipeleke la kweli, nijifanye nimeliokota. Nikainama, nikavuta kwa mkono. Mgongo ukalia ka! Marsela kanitazama nilivyolala, kapanua miguu, kalinyanyua, kalipeleka mwenyewe. Kapigiwa makofi.

Jumatatu, 9 Julai.
Josephati kanikanda kwa mafuta ya kondoo. Felisiani kaja kunipa pole, ndani ya koti. Vifungo sita. Kasema ghala linataka mlinzi wa pili, na koti jingine lipo. Mtihani ni kubeba debe la maji toka chemchemi.
Nimemwomba Marsela msumari mwembamba, nitoboe debe, maji yavuje taratibu njiani. Na safari hii sitangojeshwa. Nimejiandikisha kwa jina la Abeli.