Sekunde Nane za Mama

Jumanne, 4 Machi

Nimeona maajabu! Saa kumi na mbili na nusu jioni, dirishani mwa studio yangu. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye kamera, kidole kikazungusha kitufe ambacho sijawahi kukigusa. Nikabonyeza. Ikalia klik, kisha kimya. Kimya. Nikajua ndiyo imekufa. Mara ikalia tena.

Kumbe jicho lake lilibaki wazi sekunde nane nzima. Nikatazama kioo cha kamera, nikakaa chini. Barabara ipo, magari hayapo. Zimebaki kamba za mwanga, nyekundu zinakwenda, nyeupe zinakuja. Nguzo ya umeme imesimama vilevile. Muuza magazeti aliyekuwa anavuka hayumo kabisa. Kamera imemmeza!

Miaka ishirini na miwili nimepiga picha za pasipoti, nikiwakemea watu wasitikisike. Hakuna aliyeniambia kwamba kutikisika nako kuna uzuri wake. Nilirudi nyumbani bila kufunga studio. Mke wangu aliniuliza kama nina homa.

Jumatano, 5 Machi

Dada yangu amepita studio. Jumamosi ndugu wote sita tunakutana kwa Mama, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja. Mama katimiza themanini na tatu na anataka kitu kimoja tu: picha akiwa na watoto wake wote. Basi. Zawadi nyingine hataki.

Nikaanza kusema niachiwe mimi. Dada akasema ameshamwita Flashi.

Flashi! Niliyemfundisha mimi kufungua mfuniko wa lenzi! Leo ana studio ng'ambo ya barabara, taa tatu na kizibao chenye mifuko kumi. Nikauliza, na mimi je? Dada akajibu kwamba picha ya Mama si ya majaribio, mimi niendelee na pasipoti zangu. Tumbo moja hilo! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni nikavuka barabara. Nikamweleza Flashi, kwa upole, kwamba shughuli imesogezwa hadi Jumapili. Akanishukuru sana. Nikamwomba aniazime stendi yake ya kamera, ile ya miguu mitatu. Akanipa bila hata kuuliza. Nusura nimwonee huruma.

Ijumaa, 7 Machi

Majaribio na mke wangu. Nimefunga mapazia ya studio, nimempa tochi, nikamwambia achore hewani. Alinung'unika kwamba ameacha nguo kwenye beseni. Akachora duara.

Kwenye kioo ilitokea pete ya moto inaelea gizani, na aliyeichora haonekani! Beseni likasahaulika. Kisha akaninyang'anya kamera akasema nichore mimi. Tulichora samaki, nyumba, kikombe. Wateja wawili waligonga mlango, hatukufungua. Sijamwona akicheka hivyo tangu watoto wahame nyumbani.

Mpango umekamilika. Kesho jioni, roshani ya Mama inayotazama barabara kuu. Ndugu mbele, wametulia kama mawe. Nyuma yao kamba za mwanga. Flashi atajua kwamba hajui.

Jumamosi, 8 Machi



Wote wamefika. Flashi hakufika, na Dada alimlaani kwa ahadi za uongo. Nikasema nipo mimi, ndugu yenu. Hakuwa na la kufanya. Mama katikati kwenye kiti, sisi tumemzunguka. Niliwaonya: sekunde nane, hakuna kupumua ovyo. Kaka mkubwa akauliza kama hii ni picha au upasuaji. Nikatega kamera ijipige yenyewe, nikakimbilia nafasi yangu begani kwa Mama.

Ikalia klik ya kwanza.

Na mdomo wangu, huu mdomo wa miaka ishirini na miwili ya pasipoti, ukasema wenyewe: "Tayari, inuka, mwingine!"

Wakainuka. Wote! Kaka kaelekea kwenye chakula, kitinda mimba kachukua simu, mimi mwenyewe nimeinuka. Mama peke yake hakusikia, masikio yake yamechoka. Akabaki ametulia, mikono mapajani, hadi klik ya pili.

Nikakimbilia kamera nikiwa na majuto. Nikatazama. Majuto yakaisha.

Mama yupo mzima, kila mkunjo wa uso wake unahesabika. Sisi tumekuwa moshi. Mioshi sita inayomtoka ubavuni kila upande, na nyuma ya kichwa chake barabara nzima inawaka. Sijawahi kuona kitu kama kile. Machozi yalinitoka.

Mwanga ulikuwepo bado. Ningeweza kuwaita tena. Dada akauliza kutoka mezani, imetoka? Nikasema imetoka. Nikafunga begi.

Jumapili, 9 Machi

Ndugu wanne wameondoka alfajiri. Saa nne Flashi kafika kwa Mama na taa zake tatu. Dada aliyekuwa anafagia ndiye aliyemfungulia. Walizungumza dakika moja tu, siri yangu yote ikatoka.

Niliitwa. Nikaonyesha picha. Dada alilia, si kwa furaha. Alisema pengine tusikutane tena sote, na mimi nimemwachia Mama moshi. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Mama akaomba miwani. Akaweka kidole kwenye moshi mmoja, akamtaja kaka mkubwa. Wa pili, Dada. Wa tatu, wa nne, wa tano. Hakukosea hata mmoja! Alisema anatujua kwa namna tunavyoondoka. Kisha akauliza mimi niko wapi. Nikamwonyesha weupe kidogo begani pake. Akasema ni kweli, hata kuzaliwa nilichelewa. Akaagiza itundikwe mkabala na kitanda chake.

Flashi aliitazama muda mrefu, kofia mkononi. Akauliza, kwa heshima, ni sekunde ngapi.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimwambia mbili.

Dada amewapigia ndugu wote. Wamekubali kurudi Desemba, kwa sharti kwamba mimi nisikaribie kamera. Wananionea. Usiku kucha nimetafakari, na sasa najua nilipokosea: sekunde nane ni chache. Zilitakiwa thelathini.