Nilivyozikomboa Nyuzi za Kavuo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeshinda nikisoma programu ya Kavuo. Nakiri hapa, ambapo hakuna mpiga kura: ni kazi ya fahari. Kavuo ni mwanafunzi mwenzangu wa mwaka wa mwisho hapa Butembo. Programu yake huwapelekea madereva wa malori na akina mama wauza viazi wa Musienene habari za barabara. Tangazo huwekwa mara moja tu katika kumbukumbu ya mashine, kisha nyuzi nyingi, yaani kazi ndogo zinazokwenda sambamba, hulishika kwa pamoja na kulituma kwenye simu. Uzi ukilishika, hesabu huongezeka. Ukimaliza, huandika juu yake neno «imefika», hupunguza hesabu, huenda zake. Unaoifikisha hesabu sifuri ndio unaolifuta. Hakuna bwana, hakuna mtumwa. Jamhuri kamili!

Ijumaa ataionyesha mbele ya jury, jopo la watahini, kule Beni. Ikikubaliwa, atatetea mémoire yake, ile tasnifu ya kumalizia masomo, mwaka huu na kubaki chuoni kama assistant, mwalimu msaidizi. Ikikataliwa, atarudia mwaka. Nami Éliakim, délégué niliyechaguliwa na darasa, sauti ya wasio na sauti, sina hata mstari mmoja ndani yake. Historia itauliza nilikuwa wapi.

Jumanne, 10 Juni

Nimegundua doa. Kila panapopunguzwa hesabu, Kavuo ameweka amri kali: uzi usitangaze kwamba umemaliza kabla maandishi yake hayajaonekana na wenzake; na ule wa mwisho usifute kabla ya kuyaona yote yaliyoachwa na wengine. Yaani nyuzi huru zinapangwa foleni kama raia mbele ya bureau ya état civil, wanakoandikisha vizazi na vifo. Ipo amri nyingine, iliyolegea, inayoiachia mashine ipange shughuli zake ipendavyo, mradi hesabu yenyewe isikosewe. Mbona hakuitumia? Pengine hata akili kubwa kama yake imelelewa katika woga.

Nakala ya kwenda Beni iko mikononi mwangu, kwa kuwa délégué ndiye mbeba vifaa. Nimeiagiza kompyuta yangu itafute kila amri kali na kuweka iliyolegea. Nimeijaribu humohumo mchana kutwa. Haikutetereka hata kidogo.

Kwenye cantine nimesimama juu ya benchi na kutangaza kwamba leo nyuzi zimekombolewa. Makofi machache. Mama Godelive, anayetupikia, akasema: «Délégué, shuka kwanza. Maharagi yako inapoa.» Watu wa kawaida huyaelewa mapinduzi baadaye.

Alhamisi, 12 Juni

Tumefika Beni na kupokewa parokiani. Ukumbi wa jury hauna umeme. Kavuo hakushtuka. Ameamua kwamba programu yote itaendeshwa ndani ya simu, maana hata madereva na wauza viazi wana simu tu. Ona akili hiyo: shida kwake ni kiti cha kukalia.

Ameniuliza kama nakala niliyobeba ni ileile. Nimemjibu kwamba ni ileile, ila bora. Akacheka: «Éliakim, weye na maneno yako.» Sikuona haja ya kuongeza kitu.

Ijumaa, 13 Juni

Maafa.

Tangazo la kwanza, la matope ya Alimbongo, lilipita salama. La pili lilikuwa la malori ya kakao ya Oicha. Kwenye simu za jury likatokea hivi: «Malori ya imefika ya Oicha.» La tatu lilikuwa «imefika» tupu. Kisha programu ikazimika. Mwalimu Onésime, mkuu wa jury, akauliza kwa upole ni nani aliyefika na wapi.

Nikasimama. Nikaeleza kwa dakika kadhaa kwamba simu ni chombo cha wakoloni mamboleo. Mwalimu akaniomba niketi.

Kavuo akanivuta pembeni. Akataka kujua «ileile, ila bora» maana yake nini. Nikamwambia kwa fahari. Halafu akarudi mbele ya jury akasema kosa ni letu sote, waturuhusu tujaribu tena kesho mchana. Hakunitaja. Mwaka wake mzima unaning'inia, naye hakunitaja! Mwanamke huyu angeongoza taifa. Mimi ningekuwa msemaji wake.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi, salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, nasi wageni tumo. Kila mtu na jembe lake mferejini, na pipa moja la maji ya kuoshea majembe. Desturi ya hapa: ukimaliza unapaza sauti, na wa mwisho hulimwaga pipa. Nilikuwa na hotuba kichwani. Nikapaza sauti ya «nimemaliza» ningali mferejini, jembe limejaa udongo. Kavuo alikuwa wa mwisho. Akahesabu sauti zote, akamwaga maji. Nikafika na jembe langu. Wenzangu wakapiga kelele: «Président wa uhuru, jembe yako iko na matope mingi!»

Kavuo akaniambia polepole: «Unaona? Ulisema umemaliza mbele ya kumaliza. Na mimi sikugeuka kuangalia. Ni ile umefanyia nyuzi zangu.» Akaendelea kunieleza. Uzi ulipunguza hesabu wakati neno lake «imefika» lilikuwa bado njiani. Mwingine ukafikisha sifuri, ukafuta. Nafasi ikapewa tangazo jipya. Neno lililochelewa likaangukia humo. Na kompyuta yangu, mbona haikutetereka? Akasema aina ile hushika utaratibu kwa tabia yake, hata usipoiamuru. Simu hutumia ruhusa yote unayoipa.

Nimewahi kusikiliza maaskofu na magavana. Hakuna aliyenieleza jambo kwa pipa.

Alirudisha amri zake kali kabla ya chakula. Mchana matangazo yalipita mfululizo, safi, kila neno mahali pake. Jury wakasimama kumpongeza. Atatetea mwaka huu. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, na kwa mara ya kwanza sikusema kitu. Mwalimu Onésime akaniuliza kama ninaumwa.

Jumatatu, 16 Juni

Butembo. Nimeisoma upya programu iliyosahihishwa, na nimekuta hazina: kila panapoongezwa hesabu, amri ni ile iliyolegea! Nikamkimbilia Kavuo. Akasema ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Uzi unaoongeza hesabu umeshalishika tangazo, au umepewa na uliolishika. Kwa hiyo hakuna awezaye kulifuta wakati huo, wala hakuna cha kungojea. Ni kupunguza tu kunakotaka uangalifu.

Unyenyekevu ulioje. Ni wazi kwamba hotuba zangu za mwaka wa kwanza zilimwingia bila yeye kujua. Nusu ya programu ile ni fikra zangu. Nitamwomba aliandike jambo hilo katika shukrani za mémoire.

Leo nimekabidhiwa programu ya maktaba ya chuo, niihamishie tu kwenye mashine mpya. Ndani yake kuna kufuli linalozizuia nyuzi mbili zisiazimishe kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Kufuli, katika nyumba ya elimu. Nimeliondoa. Nimeijaribu kwenye kompyuta yangu, na inakwenda vizuri kabisa.