Marehemu Aliyesema Hajambo

Kwa Mkuu,
Chuo cha Wahudumu wa Magari ya Wagonjwa.

Ndugu Mkuu,

Kuhusu: Kufelishwa kwa kosa la kumwamini mgonjwa

Natanguliza heshima, nikitumaini kuwa barua hii itakukuta umeketi, kwa maana ina hoja, na hoja hazisomwi kwa kusimama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni kwako, ila nilikuja nikiwa tayari na shahada ya falsafa, somo langu kuu likiwa mantiki. Wenzangu huniita Profesa. Sijawahi kuwakataza.

Wiki iliyopita nilifanya mtihani wa vitendo wa somo la Kufikiri na Kuamua Mbele ya Mgonjwa. Kama ujuavyo, chuo humkodi mama mshonaji wa jirani aigize mgonjwa, na dereva wa chuo huigiza mumewe. Niliingia na begi langu, nikamkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, kiganja kifuani, kiatu kimoja mguuni na kingine sakafuni. Nikamsalimu, nikafikiri, nikaandika: "Hajambo. Abaki nyumbani." Muda si mrefu mkufunzi wetu akatangaza kuwa mgonjwa wangu amefariki kwa shambulio la moyo.

Kwa sababu hiyo nimeondolewa miongoni mwa watakaopanda gari la wagonjwa Jumatatu. Sare yangu mama mzazi ameshaipiga pasi. Imetundikwa nyuma ya mlango wa sebule, na kila jirani anayeingia huonyeshwa. Sijapata namna ya kumwambia. Naomba basi uyapime malalamiko yafuatayo:

1. Ushahidi wa mgonjwa umepuuzwa. Nilimwuliza, "Hujambo, mama?" Akajibu, "Sijambo, mwanangu." Sikuridhika, maana msomi hatosheki na jibu moja. Nikauliza habari za hapa, akasema njema. Nikauliza hali, akasema anamshukuru Mungu. Majibu matatu, na hakuna lililopingana na jingine. Watu wamefungwa jela kwa ushahidi mwembamba kuliko huo.

2. Mkufunzi anashikilia kuwa salamu si dalili. Alinitamkia mbele ya darasa zima: "Profesa, huyu alikuwa anakuonyesha adabu, hakuwa anakueleza ugonjwa." Kwa heshima zote, neno "sijambo" lina viungo viwili, kanusho na jambo. Asemaye sijambo anakana kuwa na jambo. Na moyo unaokaribia kusimama, kwa kipimo chochote kile, ni jambo.

3. Nimekatwa alama kwa "kutotafuta chanzo cha jasho". Chanzo nilikijua. Kabla ya mtihani nilimwona dereva kwa macho yangu mawili akimnyunyizia mama yule maji usoni kwa chupa ya kupigia pasi. Sijui mwanafunzi mwingine aliyeufikia ukweli kwa kina hicho.

4. Dereva, yaani mume, alininong'oneza kuwa mkewe tangu asubuhi analalamika uchovu, na kwamba mkono wa kushoto umekuwa mzito. Hayo ni maneno ya kusikia. Mwenye mkono alikuwapo na hakusema kitu. Nilimwomba mume anyamaze, akanyamaza. Pembeni mwa karatasi yangu mkufunzi ameandika: "Hapa ndipo alipofia."

5. Tunafundishwa kuanza na baya kuliko yote. Ukimwona mgonjwa, ujiulize ni kitu gani kinaweza kumwua upesi, ukitafute, na usitulie mpaka ukikose. Nauliza kwa unyenyekevu: huu ni ufundi au ni uchuro? Tukiufuata hadi mwisho wake, jirani akisema hajambo itabidi nimshike mshipa. Mama mkwe akisema habari njema, nimpime presha kabla sijakaribishwa kiti. Na wewe, Ndugu Mkuu, siku utakayosema u mzima nitalazimika kuja na machela. Hakuna jamii inayoweza kusimama juu ya wasiwasi wa namna hiyo.

6. Lililobaki ni la marehemu mwenyewe. Alipofufuka na kuvaa kiatu cha pili, nilimwuliza kwa nini alinidanganya. Akasema, "Kufa nilikuwa nakufa, mwanangu, lakini salamu si hujibiwa?" Darasa linacheka mpaka leo. Wenzangu wakipishana nami koridoni hushika vifua na kuniarifu kuwa hawajambo.

Naomba nirudishwe garini Jumatatu. Naomba pia chuo kiziandikie mamlaka husika, ili umma upigwe marufuku kujibu salamu kwa adabu wakati wa kukata roho, na kila gari la wagonjwa liandikwe ubavuni: "Asiye mzima asiseme mzima." Mgonjwa atakayekaidi, kifo chake kihesabiwe kuwa ushahidi wa uongo.

Nifikishie salamu kwa walinzi wa langoni, kwa wapishi, kwa dereva, na kwa mama mshonaji, ambaye nimemsamehe. Wakiuliza habari zangu, waambie ni njema.

Nabaki kuwa wako mtiifu, ingawa si katika hoja,
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza (mwenye shahada).

Nyongeza: Nilipokuwa nafunga bahasha, mkufunzi alinipigia simu, akaniuliza kama sijambo. Nikamwambia sijambo kabisa. Akauliza kama nimelala tangu matokeo yatoke, kama nimekula leo, na kama nyumbani wameshaambiwa. Nikasema namshukuru Mungu. Akasema, "Nilijua. Jumatatu uje mapema. Kabla gari halijatoka utanieleza nimejuaje. Ukiweza, unapanda." Nimekaa mezani nikilitafuta jibu, na kila ninapolikaribia, hoja yangu moja inaanguka. Kwa hiyo malalamiko yote sita naomba uyafute. Barua naileta hivyo hivyo, kwa kuwa imeandikwa vizuri.