Suruali ya Makonge

Jumapili, 4 Julai 1999

Nimeaibishwa. Kanisani! Mbele ya Wakristo wote wa Iveti, na nusu yao nimewakatia miti kwao nyumbani.

Ilikuwa hivi. Baada ya Misa, Mzee Bartholomew, mwenyekiti wa maendeleo ya kanisa, akatangaza kwamba ile mikalitusi tisa inayoinamia paa la nasari itakatwa. Nikajiweka sawa kwenye benchi. Nani mwingine ana msumeno wa injini huku mlimani? Ni mimi, Maundu, miaka kumi na mmoja kazini. Na Kitonga, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kuushika, lakini huyo hata simhesabu.

Kisha Mzee akaongeza ati hakuna atakayewasha msumeno kwenye uwanja wa kanisa bila mavazi ya kujikinga. Helmeti yenye wavu mbele ya macho. Vizibo vya masikio. Glavu. Buti. Na suruali maalum ya msumeno! Jumamosi tutakaguliwa, kila mmoja akate mti mmoja, na atakayekata vizuri apewe yote iliyobaki. Nikasimama nikauliza kama mti ukiona suruali huwa unaogopa. Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Aliniomba niinue mguu, kanisa lione ninachovaa nikienda kazini.

Akala za tairi. Kidole kikubwa nje. Kitonga alicheka mpaka akashikilia benchi ya mbele.

Jumatatu, 5 Julai

Ngai! Kitonga ana suruali!

Ya kweli kabisa, rangi ya machungwa, ameitoa kwa mtumba Nairobi. Anazunguka nayo sokoni Machakos bila msumeno. Amekaa nayo hotelini akinywa chai, jasho linamtiririka, na watu wanamwita fundi. Fundi wa nini?

Nilimkaribia kwa heshima ya uongo. Nikamwuliza kitambaa kinawezaje kuzuia mnyororo wa chuma. Akanieleza kama mwalimu wa darasa la pili: ndani mna nyuzi ndefu, nyingi, zimelazwa. Mnyororo ukigusa nguo, nyuzi zinachomoka, zinajisokota kwenye meno, injini inakufa kabla mnyororo haujafika kwa nyama. Nilimcheka usoni. Kisha nikaenda nyuma ya posta nikaandika kila neno kiganjani.

Nyuzi! Kwangu nyuzi zimejaa mpaka kwenye dari.

Jumatano, 7 Julai

Mke wangu Mutanu anasuka vyondo. Makonge yake yananing'inia jikoni mafungu mafungu, yamechanwa, yamekaushwa, yametiwa rangi. Ni ya oda ya kikundi chao cha kina mama. Lakini mafungu kumi na mawili! Nani atajua? Nilichukua manne mekundu, yaliyokuwa karibu na mlango. Hayakuwa yamesuuzwa rangi bado, lakini sikuwa naenda kuyala.

Shemeji yangu Nthenya yuko kwetu kwa likizo. Huyu anafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo kule Athi River, anashona suruali za Wazungu siku nzima. Nilimwambia anishonee zawadi ya siri ya dada yake. Alinitazama. Akauliza dada yake alianza lini kuvaa suruali ya kiuno cha arobaini. Lakini Nthenya hawezi kuona cherehani imekaa bure. Alichukua suruali zangu mbili za kaki, akaingiza moja ndani ya nyingine, akalaza makonge katikati kwa unene wa mkate, tangu kiuno mpaka chini. Akashona kingo tu, ili nyuzi zipate kuchomoka.

Nimeijaribu. Nilipoivua ilibaki imesimama yenyewe! Siwezi kukunja goti. Na inawasha, woi, inawasha mpaka nimetoa machozi.

Alhamisi, 8 Julai

Kumbe Mutanu huhesabu! Amesimama jikoni akiuliza mafungu yake manne yamekwenda wapi. Nikasema nilimwona mbuzi akitafuna kitu chekundu. Mbuzi amefungwa kamba fupi na amenyimwa majani ya viazi. Nthenya amekaa pale akimenya ndizi, ananitazama tu. Mtu wa kiwanda ana macho makali.

Hayo mengine yamepatikana. Helmeti nimeazima kwa mtu wa machimbo ya Lukenya, nikaifungia kipande cha wavu wa banda la kuku. Masikio, pamba. Miguu, gambuti. Ng'o! Kitonga atajua hajui.

Jumamosi, 10 Julai

Leo nimekufa. Nilikufa kabisa, nikarudi.

Asubuhi Mzee Bartholomew alitukagua. Aligonga paja langu kwa fimbo, likalia ko ko ko. Akauliza hiyo ni suruali ya nchi gani. Nikasema Ujerumani. Akatikisa kichwa kwa heshima! Jua lilikuwa kali, na nilisikia maji ya moto yakiteremka miguuni, lakini nikakaza uso.

Mti wa Kitonga ulianguka pale pale alipouonyesha kwa kidole. Wangu pia ulianguka vizuri, wacha mtu asidanganye. Nilikuwa nimebakisha matawi. Hapo nikasikia makofi nyuma yangu. Nikageuka nione anapigiwa nani.

Nikageuka na msumeno ukiwa unanguruma mikononi. Ukaja pajani.

Nilisikia pigo kama la nyundo. Kitambaa kikapasuka. Vitu vyekundu vikaruka nje, virefu, vyenye maji, vikajizungusha kwenye mnyororo. Injini ikakohoa, ikazima. Nikaangalia chini. Mishipa yangu! Mishipa yangu yote imening'inia kwenye msumeno! Na wekundu unatiririka mpaka ndani ya gambuti! Nilipiga kelele ambayo sikujua niko nayo. Mama mmoja akazirai. Mzee Bartholomew akapiga magoti akaanza sala ya wanaokufa, na akanitaja jina. Kusikia jina langu kwenye sala hiyo, nikaanguka.

Kitonga alinibeba mgongoni mpaka zahanati, mteremko wote ule, bila kupumzika. Alitaka tu kuonekana.

Muuguzi aliikata suruali akatafuta kidonda. Akatafuta tena. Akaleta maji na kitambaa, akaosha, maji yakawa mekundu, akaosha tena. Ngozi nzima! Mchubuko mmoja tu, urefu wa kidole. Muuguzi akaketi. Alisema wote aliowahi kuletewa kwa ajili ya msumeno walikuja mguu ukishikiliwa na ngozi, na wengine hawakufika. Akasema nikitoka hapo nikamshukuru aliyeshona.

Mutanu alikuja mbio bila viatu. Alikuwa ameambiwa mguu umekwenda. Akaona makonge sakafuni, akayatambua kabla hajaniangalia mimi. Alinipiga kwa kiondo mara tatu, kila pigo na jina la mbuzi. Kisha akaushika mguu wangu kwa mikono miwili akaanza kulia. Alisema nichukue makonge yote, nichukue na vyondo, lakini nisiletewe nyumbani nikiwa kwenye blanketi, kwa sababu hataweza. Nilishtuka kuliko nilivyoshtukia msumeno. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sijawahi kumwona Mutanu akilia. Na mimi nililia. Nimeandika, lakini mtu asisome.

Jumapili, 11 Julai

Iliyobaki ni mikalitusi saba. Kitonga amepewa sita. Sita! Wa saba, ule wa karibu na lango, Mzee Bartholomew amesema ni wangu kesho, suruali ikishatengenezwa. Amesema suruali hiyo imemfundisha kitu. Hata Ujerumani hakuitaja.

Mutanu na dada yake wameishona mchana kutwa. Wameongeza mafungu mawili, ya kijani, na haya Mutanu ameyasuuza mara nne ili yasiniwashe. Kina mama wa kikundi wamekuja wote kuibonyeza kwa vidole. Ati watashonea wakataji wote wa Machakos. Ati Kitonga ameomba moja ya kuvaa juu ya ile yake! Wamepapasa kila mshono wakanywa chai yangu, na hakuna aliyeniuliza mimi, mwenye paja, naonaje.

Basi nimelala kitandani nikafikiri. Miaka kumi na mmoja, miti ambayo hata siwezi kuhesabu, kaptula na akala: hata mkwaruzo sijapata. Siku moja tu nimevaa suruali ya kujikinga. Moja! Na siku hiyo hiyo msumeno umenijia pajani.

Nimeshtuka mpaka nikaketi. Muuguzi hakuliona, Mzee hakuliona, watu wenye kusoma! Ni suruali iliyouita msumeno.

Jumatatu, 12 Julai

Mutanu amenivisha suruali yeye mwenyewe. Amepiga magoti akanyoosha kila pindo, akapitisha mkono pajani pale palipopasuka, akasema leo ataweza kusuka bila kusikiliza kama kuna mtu anapiga kelele mlimani. Nikamwambia atulie. Alisimama mlangoni mpaka nikapotea.

Kwenye kona ya shule niliivua nikaisukuma ndani ya ua wa minyaa, nikabaki na kaptula. Kumbe mtu hujisahau alivyo mwepesi! Goti linakunjika. Upepo unapita.

Kitonga yuko kule ng'ambo amejifunga nguo zake zote. Amenipungia mkono kwa nguvu, anaonyesha miguu yangu, anapiga kelele siwezi kusikia kwa sababu ya injini. Wivu. Nimeketi kwenye gogo kidogo niandike haya kabla sijaanza, daftari kwenye goti moja, na msumeno nimeuegemeza kwenye hilo lingine, unanguruma vizuri kabisa.