Kilio Chenye Kibali

Idara ya Kudhibiti Chumvi Jukwaani inapenda kuutangazia umma kwamba, kuanzia sasa, hakuna mwigizaji atakayeruhusiwa kulia zaidi kuliko tukio linavyostahili. Mimi ndimi Mkaguzi wa kwanza wa kazi hiyo, na nasema bila majivuno kwamba taifa lilichelewa kunipata.

Nilianzia ukumbi wa kikundi kimoja cha maigizo, nyuma ya karakana ya baiskeli. Mwigizaji wao mkuu, mwanamama aliyebandikwa jina la Radi, alikuwa mazoezini akimlilia mume aliyefia vitani. Alijitupa chini, akajishika kichwa, akaangua kilio mpaka fundi baiskeli akaacha kazi na kuja kuchungulia dirishani, spana mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Simama hapo hapo!" nikasema. "Dada, huyo mume amekufa kweli?"

"Wa kwenye mchezo amekufa. Wangu yule pale, anapanga viti."

"Mzima?"

"Mzima wa afya. Asubuhi kamaliza chai yote peke yake."

"Sasa unamlilia nini?"

Radi akashusha pumzi. "Bosi wangu, chozi halionekani kwa mbali. Jukwaani lazima mwili mzima ulie, ndipo mtu aamini."

Hoja hiyo haimo kwenye mwongozo wa Idara. Nikaamua papo hapo: atalia kwa kiwango cha mke ambaye mumewe anapanga viti. Minong'ono yote nayo inong'onwe kweli kweli. Na kwa mujibu wa mwongozo, atakayezidisha jukwaani, kundi lake linafungiwa, na ukumbi unageuzwa stoo ya Idara.

"Jamani, ukumbi huu ndio maisha yetu," akasema Radi, na safari hii akalia kimya kimya, bila hata kusogeza mkono. Nikampongeza kwa maendeleo.

Jumamosi mchana Mkurugenzi wangu akaja kushuhudia mafanikio. Ukumbi ulijaa. Mfalme alitangaza vita kwa sauti ya mtu anayeulizia saa. Radi akaletewa habari za kifo, akasema "Aisee," akakaa. Mwongozo ulifuatwa kwa asilimia mia moja. Watu wakaanza kukoroma.

Mkurugenzi akapanda jukwaani kuokoa heshima ya Idara.

"Ndugu wananchi! Mimi silali! Kwa ajili yenu nimesahau hata kitanda changu kilivyo! Wanangu wananiamkia kama mgeni! Nchi nzima nimeibeba kwa mgongo huu huu!" Akajipiga kifua, akafuta jicho kavu.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Waliolala wakaamka.

"Huyo sasa ndiye mwigizaji!" fundi baiskeli akapiga kelele. "Rudia pale pa mgongo!"

"Siigizi! Ni kweli tupu!"

Wakacheka mpaka wakaegemeana. Radi akanisogelea, mpole kabisa. "Mkaguzi, mwongozo unasemaje kuhusu huyu?"

Unasema wazi: kundi lake linafungiwa. Na kundi lake ni Idara. Nilimnong'oneza Mkurugenzi hayo sikioni, kwa kiwango kinachoruhusiwa, nikamwona jasho linamtoka. Hapo hapo akatangaza, kwa kasauti kembamba, kwamba mwongozo umefutwa na kila mtu alie apendavyo.

Radi akamshika bega.

"Mheshimiwa, wa nyuma hawajakusikia. Piga magoti kwanza, sauti itakuja yenyewe."

Mkurugenzi akapiga magoti.