Chumvi Kwenye Sanduku la Shemeji

Jumatatu, 6 Mei
Mwenyekiti wa wauza samaki kapita dukani kwangu. Alhamisi atajaribu barafu yangu na ya shemeji, kaka wa mke wangu, anayeuza ng'ambo ya barabara. Samaki wa nani watakuwa baridi zaidi saa sita, huyo ndiye atakayelisha soko zima barafu. Lazima niwe mimi! Tangu nioe, shemeji kanitangulia kwa kila kitu, hata kitambi.

Mke wangu anafundisha kemia. Nimechungulia kitabu chake: barafu ikitiwa chumvi, baridi huzidi. Kumbe! Miaka kumi na tisa nalala kando ya hazina.

Jumanne, 7 Mei
Nimekoroga chumvi kilo mbili kwenye maji, nikatia friza. Hadi jioni, uji mtupu. Hayagandi!

Nimemuuliza mke wangu, kwa niaba ya rafiki. Akasema rafiki huyo mjinga: chembe za chumvi hujipenyeza kati ya chembe za maji, zikashindwa kushikamana. Akanogewa. Eti sodiamu peke yake huripuka ikigusa maji, klorini peke yake ni sumu. Sodiamu ikiipa klorini elektroni moja tu, zinang'ang'aniana, tunatia mchuzini.

Mimi nimeondoka na moja: chumvi huyeyusha barafu. Barafu ya nani? Nikajikuta natabasamu. Akaniuliza kama jino linauma.

Jumatano, 8 Mei
Nimegandisha maji matupu. Nimenunua chumvi nyingine. Mke kauliza ya nini. Ya kusukutua jino, nikasema. Kanipa pole. Mke mwema!

Alhamisi, 9 Mei
Asubuhi sokoni. Shemeji kanipa kiti, kanimiminia chai, kaulizia hali ya dada yake. Nikaona aibu. Ikapita. Alipogeuka kutafuta sukari, nikamwaga chumvi yote sandukuni mwake, juu ya barafu na samaki, nikafunga.

Saa sita, masanduku yakafunguliwa. Samaki wangu wamepoa, basi. Wa shemeji? Barafu nusu maji, ndiyo, lakini samaki wamekakamaa kama mbao! Mwenyekiti kagonga mmoja mezani: ko, ko, ko. Vigelegele! Shemeji kakodoa macho, akamshukuru Mungu. Mchimba kisima kaingia mwenyewe.

Ijumaa, 10 Mei
Shemeji kashindwa kurudia muujiza wake. Wauza samaki wamemjia juu. Kaja kwetu mnyonge, hata chai hakugusa. Mke wangu akakung'uta shati langu la jana. Chumvi ikamwagika sakafuni.

"Jino, siyo?"

Nikakiri. Nilingoja kofi. Shemeji alicheka hadi akaegemea ukuta. Mke akatueleza: chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka, na barafu ikiyeyuka hunyonya joto la jirani yake, samaki wakiwemo. Shemeji akasema tulishe soko pamoja, dada yake atupimie chumvi. Nusura nilie. Nimepata ndugu!

Jumapili, 12 Mei
Mwenyekiti katuridhia sote wawili. Raha! Mke, kwa furaha, kanisimulia juu ya barafu isiyoacha maji: kutoka yabisi inaruka moja kwa moja kuwa gesi. Kuitengeneza kunahitaji mitambo maalumu, kaonya. Gesi yenyewe ni ile tunayoitoa tukipumua.

Yaani bure! Na shemeji hajui! Mitambo ya nini, friza si ninayo? Nimeshapuliza mifuko kumi na miwili. Kichwa kinazunguka kidogo. Imebaki thelathini.